Kilomita 400 kwa Saa na Injini ya cc 150: Hotuba kwa Mafundi na Madereva wa Bodaboda, Mtwara

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mafundi wenzetu, wanafunzi wa ufundi, na ninyi madereva wa bodaboda mlioacha vijiwe saa hizi za abiria wengi: asalaam aleikum, na kwa wengine habari za jioni.

Tumeombwa tuzungumzie pikipiki zenye kasi kuliko zote duniani pamoja na zile za kesho, zile ambazo vijana mnarushiana video zake mkiwa kijiweni. Tutazungumza. Ila tuseme mapema tunakoelekea, mtu asije akaondoka hapa akidhani tumekuja kuwauzia ndoto. Mwendo wa pikipiki hauamuliwi na injini peke yake. Unaamuliwa na hewa, tairi, joto, na mwisho kabisa breki. Hayo manne hayaulizi kama uko Uturuki au uko Mikindani.

Tuanze na hewa, kwa sababu ndiyo inayokula nguvu nyingi. Ukiongeza mwendo mara 2, nguvu ya kuipasua hewa inapanda mara 8. Chukua pikipiki kubwa ya mashindano, dereva kalaza kifua juu ya tangi na viwiko kavibana ndani. Kwa kilomita 100 kwa saa, hewa peke yake inadai kama nguvu farasi 5. Kwa 200 inadai karibu 39. Kwa 300 inadai 130. Ukitaka 400 inadai 309, na hapo hatujagusa msuguano wa tairi wala kinachopotea kwenye gia na cheni. Hii ni hesabu ya hewa ya usawa wa bahari, hewa tunayoivuta hapa.

Sasa weka bodaboda ya cc 150. Dereva kakaa wima, koti linapepea, nyuma kuna abiria mwenye begi. Umbo hilo linakamata hewa zaidi ya mara mbili ya lile la kwanza. Kwa kilomita 80 kwa saa unadaiwa nguvu farasi kama 6 za kupambana na upepo tu, na kwa 100 unadaiwa kama 11. Injini ya Bajaj Boxer 150 ina nguvu farasi 12 ikiwa mpya, zikipimwa kwenye injini na si kwenye tairi. Kwa hiyo pikipiki yako ikigoma kwenye 90 na kitu, haijachoka na wala fundi hajakuibia. Imefika ukutani. Ili ifike 120 na abiria yule yule ingehitaji kama nguvu farasi 19, na hizo hazipatikani kwa kukata ekzosi.

Wapo wanaolala juu ya tangi wakiwa barabara ya Mingoyo ili kuongeza kilomita kadhaa. Kifizikia wako sahihi. Tatizo ni kwamba ukilala hivyo mguu wa kulia unaondoka kwenye breki.

Shikeni ile namba 309, kisha tuitazame Kawasaki Ninja H2R. Ilitoka kiwandani Japani kwa mwaka wa modeli wa 2015. Injini ni cc 998, silinda 4, nguvu farasi 310. Hewa ya mbele ikianza kujisukuma yenyewe kwenye mdomo wa kuvutia, zinafika 326. Uzito ni kilo 216 ikiwa na vimiminika vyote. Haina taa, haina vioo, na hairuhusiwi barabarani. Ni ya uwanjani tu. Ukilinganisha 310 na 309 utaona waliounda walikuwa wakifukuzia nini.

Nguvu hizo zinatoka wapi kwenye cc chini ya 1000? Kuna supachaja, yaani pangaboi dogo la aluminiamu lenye kipenyo cha milimita 69, linaloendeshwa na gia kutoka kwenye krenki. Gia zimepangwa hivi: krenki ikizunguka mara 1, pangaboi linazunguka mara 9.2. Injini ikiwa kwenye mizunguko 14,000 kwa dakika, pangaboi liko karibu 130,000. Kwa kasi hiyo kosa dogo la uzani linaligeuza kuwa bomu, ndiyo maana Kawasaki hawakulinunua nje. Liliundwa na kitengo chao wenyewe cha turbini za gesi, likachongwa kutoka kipande kimoja cha aluminiamu iliyofuliwa. Na vile vibawa vya kaboni pembeni, ambavyo vijana mnadhani ni urembo, vilichorwa kwa msaada wa kitengo chao cha ndege. Kazi yake ni kuikandamiza pikipiki chini, kwa sababu kwenye mwendo huo gurudumu la mbele linataka kupaa.

Hapa mafundi tegeni sikio. Hewa ukiibana inapata moto. Mchanganyiko wenye moto unaweza kulipuka wenyewe kabla moto wa cheche ya plagi haujaufikia, na mlipuko huo unaipiga pistoni kama nyundo. Huko ndiko kugonga. Kawasaki, kwa sababu tayari wanabana hewa kwa supachaja, walishusha mgandamizo wa ndani ya silinda hadi 8.3 kwa 1, wakati pikipiki nyingine za mashindano za cc 1000 zisizo na supachaja ziko karibu 13 kwa 1. Yaani wenye pikipiki kali kuliko zote za kiwandani wamepunguza mgandamizo. Huku kwetu kuna anayesaga kichwa cha silinda ili auongeze, kisha anaweka petroli ya kwenye chupa iliyokaa juani wiki nzima.

Tuipige hesabu hiyo maana ni ya kila siku. Silinda ya cc 145 yenye upana wa milimita 56 na mgandamizo wa 9.5 kwa 1 inaacha nafasi ya cc 17 hivi juu ya pistoni. Ukisaga milimita 1 umeondoa karibu cc 2 na nusu. Mgandamizo unaruka hadi karibu 11 kwa 1. Na si hilo tu. Kichwa kimeshuka, kwa hiyo cheni ya taimingi imelegea na kamshafti inachelewa; vali nazo zimesogelea pistoni. Kwa siku chache za mwanzo pikipiki inavuta vizuri, na hapo ndipo fundi anapopata sifa. Joto la mchana likija na gunia la korosho likapanda nyuma, inaanza kugonga kwenye gia ya 4. Dereva anadhani ni vali, anaipeleka ikakazwe. Miezi michache baadaye pistoni ina tundu katikati au ringi zimevunjika kingo. Mkikuta hivyo msimuuzie mtu pistoni mpya peke yake. Pimeni kichwa kwanza.

Ndugu yake kosa hilo ni kutoa chujio la hewa ili injini ipumue. Kabureta imepimwa ikiwa na chujio. Ukilitoa, hewa inazidi mafuta, mwako unakuwa mkali, injini inachemka. Na kwa mchanga wetu huu, kuanzia Msimbati mpaka Tandahimba, injini isiyo na chujio inajisaga yenyewe kama imetiwa msasa. Toeni plagi mtazame. Kahawia ya udongo ni salama. Nyeupe kama chokaa ni mafuta kidogo au joto jingi. Nyeusi kavu ni mafuta mengi, au chujio limeziba. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni ringi au sili za vali. Uwazi wa plagi uwe milimita 0.7 hadi 0.8, upimwe kwa kipimo na si kwa ukucha.

Sasa twende Uturuki. Tarehe 30 Juni 2016, Kenan Sofuoglu, aliyekuwa bingwa wa dunia wa daraja la Supersport mara 5 kwa jumla ya maisha yake ya mashindano, aliipandisha H2R juu ya Daraja la Osmangazi siku lilipofunguliwa. Ndani ya sekunde 26 kioo cha mwendo kikasoma 400. Daraja hilo lina urefu wa mita 2,682.

Sisi tuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala, juu ya Mto Ruvuma, lililofunguliwa mwaka 2010. Lina mita 720. Kilomita 400 kwa saa ni mita 111 kila sekunde, kwa hiyo ungelivuka kwa sekunde 6 na nusu ukawa Msumbiji kabla afisa wa mpaka hajainua kalamu. Sasa tuulize kusimama. Tukichukua breki bora kabisa, tairi moto, lami kavu, tukauacha pembeni upepo ambao nao husaidia kuzuia, unahitaji kama mita 617 za breki. Ongeza mita 111 ulizopita wakati akili inaambia mkono ushike. Jumla ni kama mita 728. Yaani ukishika breki unapoingia upande wa Tanzania, unasimama Msumbiji.

Kabla ya hapo dunia ilikuwa na vita nyingine. Honda walitoa CBR1100XX Super Blackbird mwaka 1996. Suzuki wakajibu kwa Hayabusa ya cc 1299 mwaka 1999, ikapita 300 moja kwa moja kutoka dukani, watu wakaipima hadi 312. Kawasaki wakaja na ZX-12R mwaka 2000. Huko Ulaya wanasiasa wakaanza kusema pikipiki zipigwe marufuku, basi viwanda vikakubaliana bila karatasi kwamba kioo kisivuke 299. Hayabusa ya mwaka 2021 bado inakatiwa hapo na kompyuta yake. Kwa maoni yetu hayo ni makubaliano ya busara kuliko sheria nyingi zilizoandikwa.

Lakini 400 si kilele. Kilele kiko Bonneville, jimbo la Utah, Marekani, kwenye uwanda wa chumvi. Tarehe 25 Septemba 2010 Rocky Robinson aliendesha chombo kinachoitwa Ack Attack kwa kilomita 605.697 kwa saa, na rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Ni pikipiki kwa maana ya kuwa na magurudumu 2, moja mbele na jingine nyuma. Ukiitazama ni mtungi mrefu uliolala, dereva kafungwa mikanda ndani, nyuma kuna miamvuli ya kusimamishia. Ndani yake kuna injini 2 za Hayabusa zilizofungwa turbo, zaidi ya nguvu farasi 900.

Na msikubali mtu awaambie rekodi kwa kupiga picha ya kioo. Rekodi inapimwa kwa kwenda na kurudi kwenye njia ile ile, ndani ya saa 2, kisha unachukuliwa wastani. Upepo ukikusaidia kwenda utakuadhibu kurudi. Ile 400 ya darajani ilikuwa ya kioo na ya upande mmoja. Ni kazi kubwa, lakini haikai kwenye daftari moja na ya Robinson. Ndiyo maana pia hatuwezi kuitia orodhani Dodge Tomahawk iliyoonyeshwa Detroit mwaka 2003, yenye injini ya gari ya lita 8.3, silinda 10 na magurudumu 4. Wenyewe walitaja mwendo unaozidi 480, wengine hata zaidi ya 600. Hakuna aliyewahi kuupima. Ukiutazama upana wake na nguvu farasi zake 500, kisha ukaikumbuka hesabu ya mara 8, huhitaji kwenda uwanjani kujua.

Kuna mtu mmoja mafundi mnapaswa kumjua kuliko wote hao. Burt Munro, wa Invercargill, New Zealand. Alikuwa na Indian Scout ya mwaka 1920, injini ya cc 600, ambayo ikiwa mpya ilikimbia kama kilomita 89 kwa saa. Akaitengeneza kwa miaka zaidi ya arobaini kwenye kibanda. Pistoni alizimimina mwenyewe kwenye makopo. Injini ikakua hadi cc 950. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, akaipeleka Bonneville akaweka rekodi ya daraja la chini ya cc 1000, kilomita 296 kwa saa. Vijana wakisikia hivyo wanadhani siri ni pistoni. Pistoni zilisaidia, lakini tazameni picha zake: pikipiki imefunikwa ganda refu kama samaki, mzee kalala ndani. Alishughulika na hewa kwanza. Na pistoni zile zilikuwa zikivunjika moja baada ya nyingine, alizipanga rafuni.

Kwa kuwa tumetaja chumvi: Bonneville baada ya kila mbio pikipiki inaoshwa kwa maji baridi mengi, kwa sababu chumvi haisamehe. Ninyi mnaofanya kazi Shangani, Mikindani, au Lindi mjini kwenye upepo wa bahari, na hasa mnaobeba samaki au mnaopita mashamba ya chumvi, hamuihitaji Bonneville. Chumvi mnayo nyumbani. Osheni cheni kwa maji yasiyo ya kisima cha chumvi, ikauke, isugueni kwa brashi na mafuta ya taa, ifuteni, kisha pakeni oili nzito ya gia kwa upande wa ndani huku mkizungusha gurudumu kwa mkono. Subirini dakika 10 mfute iliyozidi. Oili iliyobaki nje haisaidii kitu, inakamata mchanga tu. Fanyeni hivyo kila kilomita 500, na mara moja baada ya mvua. Pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya kati, cheni icheze milimita 25 hadi 35 katikati upande wa chini. Mkiikaza zaidi, abiria akipanda inakosa pa kwenda, inakula beringi ya sproketi ya mbele.

Na kuhusu sproketi, maana swali hilo lazima lije. Kama ya mbele ina meno 14 ukaweka ya 15, kila mzunguko wa injini unakupa mwendo zaidi kwa asilimia 7. Kwenye karatasi 90 inakuwa 96. Lakini 96 inadai nguvu ya kupasua hewa zaidi ya ile ya 90 kwa asilimia 22 hivi, na injini haijaongezewa chochote. Matokeo: kwenye tambarare unashindwa kuishika gia ya mwisho, unarudi ya 4, unakunywa petroli zaidi, kwenye mlima wa kuingia Newala klachi inanuka. Kwa anayebeba mizigo tungesema apunguze jino, asiongeze.

Tairi sasa. Hapa ndipo watu wanapokufa, na hapa ndipo tutakaa kidogo.

Tairi ikizunguka kwa kasi inataka kujirusha nje ya ringi yake, inavimba, inapata joto, tabaka zinaanza kuachana. Ndiyo maana kila tairi ina herufi ya mwendo. J ni mwisho 100. L ni 120. P ni 150. H ni 210. V ni 240. W ni 270, na W ikiwa kwenye mabano ni zaidi ya 270. Tairi nyingi za bodaboda za nyuma zimeandikwa 3.00-17 50P. Ile P inakutosha, hutaifikia. Inayokuumiza ni ile 50. Ni namba ya uzito, maana yake kilo 190 ikiwa imejazwa upepo sawasawa. Ya mbele, 2.75-17 yenye 41P, inabeba kilo 145.

Tupime mishikaki, yaani kubeba abiria wawili kwa pamoja. Pikipiki kilo 118, dereva na abiria wawili wa kilo 65 kila mmoja, jumla kilo 313. Abiria wote wawili wamekaa nyuma, kwa hiyo gurudumu la nyuma linabeba kama asilimia 70, yaani kilo 219. Umezidisha kilo 29 kabla ya mtoto wa mgongoni na kabla ya shimo la kwanza. Tairi haipasuki hapo hapo, na hiyo ndiyo hila yake. Inachemka kidogo kidogo, nyuzi za ndani zinakatika, siku unabeba mtu mmoja tu kwenye lami nzuri ndipo inaachia.

Upepo wa hizo tairi: mbele psi 25, nyuma psi 28 ukiwa peke yako, psi 32 ukiwa na abiria. Pimeni asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Wengi mnapunguza upepo ili kupita mchanga, ni sawa kabisa, mradi mkirudi lami mjaze. Na tazameni umri: ubavuni kuna duara yenye tarakimu 4. Ikiandikwa 3523, tairi ilitoka wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi ya miaka 6 iliyokaa juani dukani ni mpira mkavu hata kama kashata zake hazijaguswa. Muuzaji akikuambia ni mpya, mwonyeshe hizo tarakimu kwa heshima, kisha uende duka jingine.

Watu wa MotoGP, mashindano makuu ya pikipiki duniani, wana wasiwasi wa namna hiyo hiyo, tofauti ni fedha. Mwaka 2023 pale Mugello, Italia, Brad Binder wa Afrika Kusini alipimwa kilomita 366.1 kwa saa juu ya KTM. Mwisho wa mstari ule kuna kona, na diski zake za kaboni hazishiki vizuri mpaka zipate moto wa nyuzi mamia. Breki zenu za ngoma ni kinyume chake: zikipata moto zinaacha kushika. Mnaoshuka mteremko wa Newala kuelekea Masasi mnajua ile hali ya kanyagio kuwa laini ghafla. Dawa haiko kwenye kukanyaga zaidi. Ingizeni gia ya 2 kabla ya mteremko kuanza, injini ishike, breki ziguswe na kuachiwa. Kanyagio la nyuma lizame milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika. Likipita hapo, kazeni nati ya fimbo. Kama mshale wa ngoma umefika kwenye alama, shuu zimekwisha na kukaza ni kujidanganya. Kila mkifungua ngoma pulizeni mchanga.

Kwa breki hizo, zikiwa nzima, ukiwa kwenye 40 unasimama ndani ya mita 23 hivi pamoja na ile sekunde ya kushtuka. Kwenye 60 ni mita 44. Kwenye 80 ni 71. Mtoto anayetoka nyuma ya Bajaji iliyosimama hayuko mita 71.

Tupite haraka kwenye turbini. Wamarekani wa kampuni ya MTT walifunga injini ya helikopta, Rolls-Royce Allison 250, kwenye pikipiki: kama nguvu farasi 320, na inaweza kunywa dizeli au mafuta ya taa. Ni ajabu kuisikia ikiwaka, lakini turbini inachelewa kuitika mkono na inachelewa kuuacha. Kwa foleni ya soko kuu haifai hata bure.

Umeme ni jambo zito zaidi. Mwaka 2013 kule Pikes Peak, Colorado, kwenye mlima wa kona 156 unaoishia mita 4,302 juu ya bahari, Carlin Dunne juu ya Lightning ya umeme aliwapita wa petroli wote katika daraja la pikipiki. Sababu ni ile ile tuliyoanza nayo. Juu kule hewa imepungua kwa zaidi ya theluthi. Injini ya petroli inakosa pumzi, mota haijali, na bado inafaidi kwamba hewa ya kupasua ni nyepesi. Novemba 2021, Max Biaggi aliifikisha Voxan Wattman kilomita 455.737 kwa saa kule Florida, kwenye njia ya Kituo cha Anga cha Kennedy, daraja la pikipiki za umeme za zaidi ya kilo 300.

Uzito huo ni betri. Ducati V21L ya mashindano ilikuwa na betri ya kilo 110 yenye kilowati-saa 18, pikipiki nzima kilo 225, mwendo wa 275 pale Mugello. Lita 1 ya petroli ina kama kilowati-saa 9. Kwa hiyo betri ya kilo 110 ina nishati ya lita 2 tu za petroli! Kinachoiokoa ni kwamba mota inatumia karibu asilimia 90 ya inachopewa, wakati injini ya petroli inatumia robo hivi na kuitupa iliyobaki kama joto. Ukilinganisha kazi kwa kazi, ile betri ni kama lita 7.

Leteni hesabu hiyo kwenye bodaboda ya umeme, maana wauzaji watafika na wengine wameshafika. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 ni kilowati-saa 2.88. Pikipiki yenye abiria ikila wati-saa 40 kwa kilomita, unapata kilomita 72. Kwa mizunguko ya Mtwara mjini hiyo ni kazi ya nusu siku. Kwenda Lindi, kilomita zaidi ya 100, hufiki bila kituo cha kubadilishia betri njiani. Na ukipandisha mwendo kutoka 45 hadi 70, sheria ya hewa inakufuata huko huko na masafa yanakatika vibaya. Umeme wetu wa hapa unatokana na gesi ya Mnazi Bay, kwa hiyo mafuta yake tunayo chini ya miguu. Kinachotutisha sisi mafundi ni chumvi kwenye viunganishi. Kabla hujanunua, fungua kiunganishi cha betri: kama hakina mpira wa kuzuia maji, hakitamaliza masika 2. Kipakeni grisi ya umeme, siyo ya beringi. Msioshe kwa mashine ya maji ya shinikizo. Betri iliyotoka juani ipumzike kivulini kama nusu saa kabla ya kuchajiwa.

Na za kesho kabisa? Honda mwaka 2017 walionyesha Las Vegas pikipiki inayosimama wima yenyewe bila stendi, na haitumii jairoskopu, yaani gurudumu linalozunguka ndani ili kuisawazisha. Inasogeza shokapu za mbele kubadili pembe yake na kucheza na usukani polepole. Yamaha mwaka huo huo walikuwa na Motoroid inayomtambua mwenyewe na kumfuata. Rada si ndoto tena, Ducati Multistrada V4 ilianza kuuzwa ikiwa nayo mbele na nyuma. Kawasaki mwaka 2025 kwenye maonesho ya Osaka walileta Corleo, chombo cha miguu minne cha kupandia kama farasi, na injini waliyokusudia kukiwekea ni ya haidrojeni, cc 150. Ndiyo, cc zile zile zenu. Wanasema ni kwa ajili ya miaka ya 2050, na kwa mchanga wa barabara za vijijini tunakiri kwamba miguu ingetusaidia kuliko magurudumu.

Ukitutaka tuchague kimoja cha kuja huku mapema, tungechagua breki zisizofunga gurudumu. India tangu Aprili 2019 kila pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 lazima iwe nazo, na za chini ya hapo, kwa sheria hiyo ya 2019, zilitakiwa angalau breki zake ziunganishwe, ukikanyaga ya nyuma na ya mbele ishike. Wanaounda ni wale wale wanaotuuzia sisi. Ukienda kununua uliza kama ipo yenye breki hizo, na uulize mkiwa wengi, chama kizima, maana muuzaji haagizi kitu kwa mteja mmoja.

Maswali tutayajibu nje. Kuna meza 3 chini ya mwembe: ya kwanza kuna kipimo cha upepo na daftari la kusomea tarakimu za tairi, ya pili fundi atatoa plagi na kusoma rangi, ya tatu ni ngoma za breki. Anzeni na walio na tairi za kabla ya 2020, wasogeze pikipiki zao mbele. Injini zizimwe, na msipange karibu na jiko la mama lishe.